Kompyuta Mbele ya Balbu

Katika ploti yetu ya Kawangware, vyumba kumi na viwili vilitumia mita moja ya stima, na kodi ilibeba taa, redio na kuchaji simu. Vyombo vya stima vilikatazwa. Lakini chombo ni nini? Hilo aliliamua keateka, msimamizi wa ploti, mama wa makamo aliyetembea bila kusikika. Hakuhangaika na maandishi ya nyuma ya kifaa. Alisimama kwenye korido, ambako giza hukaa hata saa sita mchana, akaikazia macho balbu iliyoning'inia pale.

"Washa."

Balbu ikitulia, kifaa chako kilikaribishwa. Ikififia, hicho ni chombo, kitoke. Televisheni zilipita. Mashine ya kunyolea ilipita. Jagi la kuchemshia maji lilirudi lilikotoka siku hiyohiyo.

Ndipo mwalimu wangu wa zamani akanipa kompyuta ya mezani, kuukuu, yenye kisogo kikubwa. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa kwenye madaftari manne, na mchapishaji hakupokea miswada ya mkono. Bila mashine ile, kitabu kingebaki chini ya godoro.

Jumamosi niliyoileta, akina mama waliokuwa wakifua waliacha beseni zao wakaja kuona.

"Mwandishi ameleta friji."

"Friji gani? Hiyo ni TV iko na mimba."

Nikaiwasha. Balbu ikafifia mpaka ikawa rangi ya chai.

"Umejionea," keateka akasema, kwa upole. "Pole, baba. Jioni nisiikute hapa."

Nilikuwa nimeshika waya ili niung'oe, mara mlango wa jirani yangu ukafunguka. Alikuwa askari wa usiku, mtu wa salamu moja tu. Alitoka amevaa fulana, mkononi pasi ya umeme.

"Ni hii," akasema. "Nilikuwa napiga sare pasi. Mjaribu tena, mama."

"Kumbe unaishi na chombo. Tangu lini?"

"Tangu niandikwe kazi."

"Ndio maana suruali yake inaweza kukata mkate," mama mmoja akasema, na korido nzima ikacheka.

Yeye hakucheka. Kwao kazini, askari aliyefika na sare yenye makunyanzi alirudishwa nyumbani.

Nikawasha tena. Safari hii balbu haikutikisika. Keateka akaniachia kompyuta, akaondoka na pasi.

Jirani yangu angeweza kunyamaza nyuma ya mlango wake. Hakuna ambaye angejua, na mimi ningeamini hadi leo kwamba mashine yangu ilishindwa kwa haki. Nikatafuta pasi ya makaa.

Kwa miezi yote niliyochapa kitabu kile, ikifika saa kumi jioni niliacha sentensi katikati, nikapuliza makaa, nikanyoosha sare yake kabla hajaenda lindo. Sikuwa fundi. Siku moja nilimchorea mistari miwili kwenye mguu mmoja wa suruali. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umenitengenezea reli," akasema. Akaivaa hivyohivyo, akashika njia.