Mstari wa Kumi na Nane

Shuleni kwetu, karibu na Rulenge, huwezi kuumwa kwa Kiswahili. Ukitaka ruhusa ya kwenda hospitali, unamwandikia mwalimu wa zamu barua ya Kiingereza, na ole wako iwe fupi. "Hii ni barua au risiti ya duka?" atakuuliza, halafu anairudisha. Basi wagonjwa walikuwa wanakuja kwangu, fundi wa Kiingereza kinene, kile kinachopiga magoti mara tatu kabla ya kutaja shida.

Siku hiyo, baada ya makande ya mchana, jirani yangu wa kitanda alijikunja bwenini ameshika tumbo.

"Niandikie, mkubwa. Fanya haraka."

"Haraka ya nini? Wewe utaumwa kwa heshima."

Nikaanza na unyenyekevu wangu usiopimika, nikapita kwenye hekima ya mwalimu, nikamshukuru Mungu kwa afya njema ya ofisi nzima. Kila sentensi nilimsomea. Mwanzoni alicheka huku akinitukana. Kisha akaacha kucheka. Alikuwa anatoka jasho, lakini nilipomgusa mkono ulikuwa wa baridi.

Mwalimu alisoma aya ya kwanza akitabasamu, akaiweka barua juu ya rundo la madaftari. Akaniambia nisubiri nje, amalize kusahihisha.

Nikasubiri. Kutoka bwenini nilimsikia mgonjwa wangu akimwita mama yake kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani. Kwetu hakuna anayemwita mama, hata kwa viboko. Akaita tena. Halafu kukawa kimya, na kile kimya ndicho kilichonisukuma mlangoni bila kubisha hodi.

"Mwalimu, anakufa!" Kiswahili kitupu.

Alinyanyuka mpaka kiti kikaanguka. "Nani anakufa?"

Nikatazama barua yangu pale juu ya madaftari.

Walimbeba kwa pikipiki, katikati ya dereva na mwalimu, kichwa kikining'inia. Alipasuliwa jioni ileile. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mimi kesho yake nilivishwa shingoni kibao cha waliosema Kiswahili.

Alirudi baada ya wiki nyingi, sare imempwaya. Akataka kuiona barua. Nilikuwa nimerudishiwa, na aya ya kwanza ina alama ya vema kwa wino mwekundu. Akaisoma kwa kidole, taratibu, kutoka juu.

"Mbona mimi simo?"

"Shuka chini."

Kidole kikashuka.

"Bado simo."

"Shuka," nikamwambia. "Mstari wa kumi na nane."