Siku Nilipofagia Maua ya Mwenyekiti

Majira ya kuchipua hapa Stockholm hayaanzi kwa ndege wala kwa maua. Yanaanza kwa watu kusimama ukutani. Unashuka treni Spånga siku moja ya Aprili na unawakuta watu wazima, wenye kazi zao na mikoba yao, wamejipanga kwenye ukuta karibu na kituo, macho wamefumba, nyuso wameziinua juani, kimya kabisa, kama wanaosubiri kupigwa eksirei. Mwaka wangu wa kwanza hapa, nikiwa mwanafunzi, nilidhani ni ibada. Siku hizi nasimama nao. Nyuzijoto saba tu, na tayari nimefungua zipu ya koti kama mtu aliyeachiwa huru na mahakama.

Nyumbani, jua hilo hilo huingia dirishani na kuonyesha vioo vyenye uchafu wa miezi sita, vumbi juu ya jokofu, na mimi kwenye kochi. Mke wangu huvitazama vyote vitatu kwa zamu, na sihitaji kuuliza kipi kitaanza kuondolewa mahali pake. Kisha makoti mazito na viatu vya theluji hushushwa stoo, chini ya jengo. Siku mbili baadaye theluji huanguka, nami hutumwa stoo. Kila mwaka. Tumesoma sana katika nyumba hii, ila hatujifunzi.

Mwaka huu kulikuwa na jambo zito kuliko vioo. Nyuma ya jengo letu kuna masanduku manne makubwa ya mbao yaliyojazwa udongo, ambamo wakazi hulima mboga. Manne, kwa kaya zaidi ya thelathini. Mke wangu aliomba sanduku mwaka ule binti yetu alipoanza darasa la kwanza. Sasa binti yuko la nane na amenipita urefu. Miaka yote hiyo mke wangu amekuwa akiotesha mchicha kwenye ndoo, kwenye roshani yetu inayotazama kaskazini. Yeye ni Mrundi, anauita lengalenga. Mimi ni Mtanzania, nauita mchicha. Ule wa kwenye ndoo haukustahili jina lolote. Ulirefuka, ukakonda, ukawa na rangi ya mgonjwa aliyeruhusiwa mapema, na wote ulijikunja kuelekea roshani ya jirani, ambaye ana jua. Kuna kiangazi tuliuvuna wote, tukaupika, ukajaa kijiko kimoja. Kijiko chenyewe alinipa mimi. Nikausifu. Akajifuta macho, akasema ni kitunguu, na siku hiyo hatukuwa na kitunguu ndani.

Basi mwezi wa tatu tangazo likabandikwa kwenye mlango wa kuingilia: mkazi mmoja anahama, sanduku lake linabaki wazi, na mwenyekiti wa chama cha wakazi atalikabidhi kwa mtu mwingine siku ya usafi wa pamoja, mwezi wa nne. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa hisabati anayekaa ghorofa ya chini, mwanamke mrefu, mpole, anayejua vizuri nani huacha chumba cha kufulia nguo bila kupiga deki. Mke wangu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Ila ilijulikana kwamba siku ya usafi mwenyekiti hutazama nani anafanya kazi na nani amekuja kula soseji zinazochomwa siku hiyo.

"Jumamosi unashuka, unafanya kazi, watu wanakuona," mke wangu akaniambia. "Husimami kumweleza mtu siasa za Afrika Mashariki wakati kashika kikombe chake."

"Mke wangu, lini nimewahi kufanya hivyo?"

"Mwaka jana. Wale wapangaji wapya wa ghorofa ya tatu."

"Walipendezwa sana wale."

"Walihama, mzee."

Jumamosi saa nne asubuhi tukashuka. Kila mtu alipewa kazi yake kwenye kikaratasi. Mke wangu alipata kusugua mapipa ya taka. Binti alipata kufuta baiskeli za banda la pamoja, kazi aliyoifanya kwa vidole viwili, mkono wa pili ukiwa na simu. Mimi nilipewa ukanda wa udongo kando ya mlango mkubwa, chini ya madirisha ya mwenyekiti mwenyewe, kama hatua nane kwa moja. Kikaratasi kilisema nitoe majani makavu na kupafanya papendeze.

Hapo ndipo malezi yalipoingilia. Nilikulia Singida, kwenye nyumba ambayo uwanja wake ulifagiliwa kabla mtu hajanusa chai. Kwanza unanyunyiza maji vumbi lisipande, kisha unafagia kwa kurudi nyuma, ili mistari ya ufagio ibaki imelala pamoja kama nywele zilizochanwa na mtu asirudie kuikanyaga. Jani moja la kijani likionekana uwanjani, ni ama nyumba ina wavivu au inafuga nyoka. Mama yangu alikuwa akisimama kizingitini, anatazama mara moja, anataja kona niliyoiruka. Tangu hapo nimeishi Ulaya zaidi ya miaka ishirini, nina shahada mbili, na nimeandika kurasa nyingi kueleza kwamba mazoea ya utotoni ni kitu ambacho mtu anaweza kukiweka kando akipenda. Mwandishi wa kurasa hizo akakabidhiwa jembe.

Chini ya majani makavu nilikuta kijani tele: majani mazito yaliyochongoka, yamejitokeza kwa mafungu. Nikayang'oa. Yalikuwa na mizizi mikaidi, kila mmoja umeshika kinundu kama kitunguu, jambo ambalo lingemfanya mtu mwingine asite na kujiuliza. Mimi nilijiambia kwamba magugu ya Ulaya yameshiba. Niliyatia yote kwenye mfuko wa taka za bustani, nikasawazisha udongo, nikanyunyiza maji, nikafagia kwa kurudi nyuma. Baada ya saa moja hapakubaki hata unyasi. Nikasimama kutazama mistari yangu. Sijawahi kuridhika hivyo na kazi yoyote niliyoifanya katika nchi hii, tasnifu ikiwemo. Jirani mmoja alipita na toroli, akasimama, akafumbua mdomo, akaufumba, akaendelea. Nikamwitikia kwa kichwa, nikidhani amekosa maneno ya kunisifu.

Binti akaja. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiswidi, na tumezoeana hivyo.

"Baba, maua yako wapi?"

"Maua gani?"

"Tulipu za mwenyekiti. Alizipanda kabla ya baridi. Mimi nilimsaidia. Zangu zilikuwa pale." Akaelekeza kwa simu mahali ambapo mistari yangu ilikuwa imenyooka kuliko kwingine.

"Pale palikuwa na majani tu."

"Ni Aprili, baba. Sasa hivi kila ua ni majani tu."

Nikamwuliza kama mama yake ameona. Akaelekeza simu nyuma yangu, alikokuwa amesimama mama yake, amevaa glavu za kufika kwenye viwiko, akinuka pipa. Alitazama ardhi. Amekulia Bujumbura, uwanja uliofagiliwa anaujua, na naapa kwa nusu sekunde uso wake ulinipongeza. Kisha akatazama ndani ya mfuko.

"Weye," akasema polepole. "Miaka saba."

"Sikujua, mke wangu."

"Miaka saba nafuga ugonjwa kwenye ndoo. Zimebaki saa chache nipewe udongo, ukaona ufagie."

Mwenyekiti alikuwa anakuja na chupa ya kahawa mkononi. Akasimama mbele ya ukanda. Hapa watu hawapigi kelele, na siku hiyo ningetoa kitu kizuri ili nipigiwe kelele. Alitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena mwanzo.

"Pamekuwa safi sana," akasema.

Binti akaninong'oneza, "Wakisema hivyo, tumekwisha."

Nilikuwa na maelezo. Yalianza na historia ya uwanja wa udongo kama sehemu ya nyumba, na yangechukua kama dakika kumi na tano. Nilivuta pumzi, lakini mke wangu alinitangulia.

"Ni mume wangu," akamwambia kwa Kiswidi. "Alikokulia, uwanja wenye jani ni aibu. Na kwetu hivyo hivyo. Hata mimi ningepasafisha, ila mimi ningeuliza kwanza. Sanduku mpe anayefuata. Sisi tutakurudishia maua yako ardhini."

Alisema vizuri. Ila nilikuwa karibu, na niliona jinsi alivyokuwa akiivuta ncha moja ya glavu, akiivuta, akiiachia.

Mwenyekiti akainama, akachukua kitunguu kimoja cha tulipu kwenye mfuko wa taka, akakibonyeza. Akauliza kimeng'olewa saa ngapi. Akaingia ndani kwake. Nikadhani amefuata fomu ya malalamiko. Akarudi na rula ya mbao, ile ndefu ya ubaoni, akanipa.

"Kina cha shimo kiwe mara tatu ya kimo cha kitunguu," akasema. "Ncha juu."

Nilimaliza siku nikiwa nimepiga magoti. Wengine walikula soseji wakipita nyuma yangu, na kila aliyepita alikuwa na ushauri, maana kumbe nusu ya jengo ni wataalamu wa tulipu. Binti aliketi kwenye ngazi akinipangia vitunguu kwa ukubwa, akijaribu kukumbuka kipi kilikuwa cha rangi gani. Alicheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi tukae saa tatu pamoja, kwa hiyo sikulalamika.

Saa tisa mwenyekiti aliwakusanya watu. Alisema sanduku la tatu linakwenda kwa familia yetu, kwa kuwa kwenye orodha tulikuwa wa kwanza na orodha ni orodha. Ila kuna sharti moja: bwana wa familia hiyo asiliguse, asilipalilie, wala asilikaribie akiwa na kifaa chochote chenye mpini. Mke wangu alikubali kabla sentensi haijaisha. Hata kanisani, siku padri alipomwuliza kuhusu mimi, alivuta pumzi kwanza.

Sasa ni Juni. Tulipu zilirudi kama nusu yake, zikachelewa, zikachanua zikiwa zimeinama huku na huku, nyekundu ikiwa katikati ya njano, kama umati ulioamshwa ghafla. Mwenyekiti huwaambia wageni kwamba zimepandwa na mtaalamu kutoka chuo kikuu. Kwenye sanduku la tatu lengalenga zimeshika, majani mapana ya kijani kibichi, zimesimama wima kwa kuwa hazina jua la jirani la kulitamani. Juzi tulikula sahani nzima. Mke wangu alijipakulia kwanza.

Jioni akishuka kumwagilia, mimi humbebea kopo la maji. Nalifikisha hadi pale mawe ya njia yanapoishia.

"Hapo," husema bila kugeuka. "Simama hapo hapo."

Nasimama. Kando ya mguu wa sanduku limeota jani moja la nyasi, limenyooka, linanitazama. Nimeweka mikono mfukoni.