Waliokuja Kuupima Umaskini Wangu

Kwetu mgeni haulizwi kama amekula. Ukimuuliza umemtukana, maana yake unaomba aseme ndiyo ili chakula chako kibaki. Mgeni anawekewa maji ya kunawa, anawekewa wali, na kama nyumba ina kuku, kuku anakufa. Ndivyo nilivyolelewa kijijini kwetu, bondeni upande wa Mofu, na mama aliyekuwa anatupikia sisi watoto uji mwepesi mpaka unaona chini ya bakuli, lakini akiingia mgeni, wali unatoka, sijui aliuficha wapi. Shule sikuipata sana. Nilitolewa darasa la tatu nikawinge ndege kwenye mpunga, sikurudi tena. Hilo la mgeni ndilo nililofaulu.

Basi walipokuja watu wa serikali kuandikisha kaya maskini, niliwapokea kama wageni. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza, "Wageni wanakuja, wapokeeni vizuri, msiniaibishe." Hakutuambia wanakuja kupima nini. Walikuwa wawili, kijana mwenye simu pana ya kuandikia na dada mmoja mwenye viatu vyeupe. Viatu hivyo niliviombea dua, tope letu halina adabu.

Wakaniamkia, nikaitikia, nikawatolea viti. Mjukuu wangu nikamkonyeza tu, akaelewa, akaenda nyuma kukamata jogoo. Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu. Binti alifariki mtoto bado hajaota meno, nikambeba mimi, na wageni hao walipokuja alikuwa darasa la saba. Tunaishi wawili. Mimi namwita mke mwenza, yeye ananiita bibi, ila akikasirika ananiita "nyie wazee".

Kijana akaanza. "Bibi, kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tunakula."

"Mara ngapi?"

Hebu nawe fikiri. Mwanamke mzima, mbele ya wageni, harufu ya kuku inatoka jikoni, niseme kwamba jana tulilalia muhogo wa kuchoma? Nikamwambia, "Kwangu mtu halali na njaa, mwanangu."

"Na nyumba hii ya bati, ni yako?"

"Yangu na marehemu. Tuliezeka mwaka ule mpunga ulipokubali."

"Una shida gani kubwa?"

"Shida zipo kwa kila mtu. Tunamshukuru Mungu."

Akawa anagonga kidole kwenye ile simu, tik, tik. Chakula kikaja. Wakala. Kijana aliongezwa mchuzi akasema, "Bibi, wewe unapika!" Nikafurahi. Niliwasindikiza mpaka njia panda na mchele kwenye kifuko, maana mgeni kwetu haondoki mikono mitupu.

Baadaye matokeo yakatoka, mjukuu wangu kafaulu, kapangiwa sekondari mjini Ifakara. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kutoka kwetu huwezi kwenda na kurudi kila siku, na masika barabara inakuwa mali ya mto. Lakini shule ile ina bweni la wasichana, na serikali ndiyo iliyolijenga, hilo sikatai. Nikaenda kuuliza nafasi. Mwalimu akanipokea kwa heshima, akanieleza kwamba vitanda ni vichache, kwa hiyo wanaanza na watoto wa kaya maskini zilizoandikishwa. Wengine wanapanga vyumba mtaani.

Hivyo vyumba navijua. Watoto wanaviita geto. Msichana wa kidato cha kwanza anakaa peke yake, anajipikia, chumvi ikiisha kuna kijana wa bodaboda mwenye chumvi, mafuta yakiisha kuna kijana mwenye mafuta. Mabinti wa kwetu nimewaona wakiondoka na begi la daftari, wakarudi na begi la nepi. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba kitanda cha bweni ni kitanda tu.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji, majina ya kaya maskini yakasomwa kwa kipaza sauti. Langu halikuitwa. Nikasimama.

"Mwenyekiti, mimi mjane, nalea yatima, mafuriko ya mwaka jana yamenibebea mpunga wote. Mbona sijaitwa?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, kwako wamesema hali ni nzuri. Wamesema kwako wanakula kuku."

"Na huyo kuku kala nani?"

Watu wakacheka mpaka watoto waliokuwa mbali wakaja kuangalia. Mimi sikucheka.

Walioitwa ni akina nani? Kuna jirani yangu mmoja, mwanaume mwenye duka na pikipiki. Huyu ana ndugu yake mjini aliyemnong'oneza maswali yatakavyokuwa. Siku ya wageni alifunga duka, akachukua shuka lililochanika na sufuria moja jeusi, akahamia kwenye dungu. Dungu ni kile kibanda tunachoinua juu ya miti shambani, tukalala humo kulinda mpunga na nguruwe pori. Hapo ndipo akasema, "Karibuni, hapa ndipo kwangu." Wakampiga na picha. Jina lake lilikuwa la kwanza kusomwa. Tulipotoka mkutanoni akanifuata na pikipiki, mguu mmoja chini.

"Mama, umaskini nao unataka akili. Ungeniuliza."

"Nikuulize wewe? Marehemu baba yako angekuona juu ya dungu na lile shuka, angekushusha kwa fimbo."

"Angeshukuru, mama. Angeshukuru!" Akaondoka huku akicheka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na mpaka leo haijashuka. Sikasiriki kwamba serikali inawasaidia maskini. Isaidie! Nakasirika inavyokuja kutuuliza. Inatuma watoto wasiojua kwamba mtu wa bondeni akisema "tunamshukuru Mungu" amekwisha sema kila kitu. Inahesabu bati, haiulizi bati liliezekwa lini, wala mto umepita wapi tangu siku hiyo. Halafu anayejistahi anaachwa, anayejua kujichafua anapewa. Baada ya mkutano ule nimeona watu wazima wakiambizana wazi wazi: wakija tena, usitandike kitanda, usifagie uwanja, usimkaribishe mtu. Sasa hayo ndiyo maendeleo? Kijiji kizima kujifunza uchafu na uchoyo?

Nikakata rufaa. Wakasema watakuja kunitazama upya. Wanawake wenzangu wa jumuiya wakaja kunipanga kama bi harusi. Kuku wakahamishiwa kwa jirani. Viti vikaingizwa ndani. Nikavalishwa khanga yangu ya kubanikia samaki, ile inayonuka moshi wa kitoga, samaki wa mto wetu.

Safari hii alikuja dada mwingine, peke yake, jua la saa saba kichwani. Sikusema karibu. Ulimi wangu uliuma kama nimekula pilipili. Alisimama, akatafuta pa kukaa, akakalia kinu kilicholala. Akauliza, nikajibu. Ndiyo, tunalala na njaa. Ndiyo, mtoto ana sare moja. Ndiyo, mpunga umekwenda. Yote kweli tupu, na bado nilijiona kama nimevuliwa nguo barabarani.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka, mjukuu wangu akatoka na jagi la maji na beseni, kapiga goti mbele ya mgeni.

"Dada, karibu unawe."

"Mke mwenza," nikasema taratibu, meno yamebana, "rudi ndani."

"Bibi, na mgeni aondoke hivi hivi?"

Ndani alikuwa amepika ule mchele wa jioni, wote, na mlenda pembeni. Nani alimfundisha? Mimi. Ningempiga ningekuwa napiga mkono wangu mwenyewe.

Dada wa watu akatazama beseni, akanitazama mimi, akaona aibu iliyonijaa. "Asante, mdogo wangu. Haturuhusiwi kula kwenye kaya." Kisha akainama kwangu. "Bibi, nakuona. Hali yako naiona. Ila humu ndani ya simu kuna maswali yake, bati, shamba, redio. Sina sehemu ya kuandika ninachokiona."

"Sasa macho wamekupa ya nini?"

Alikunywa maji tu, akashukuru, akaenda.

Jibu lilirudi kupitia kwa mwenyekiti: nisubiri awamu ijayo. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Shule haijui awamu.

Nikakaa jikoni nikafikiri, nikamwita mwanangu wa kiume anayelima Chita, nikamwambia shamba nalikodisha na kodi yake itapanga chumba Kibaoni, pale Ifakara karibu na shule, nikakae na mtoto.

"Mama, na wewe utalima wapi?"

"Sitalima."

"Mama, tangu nizaliwe sijakuona msimu hujalima."

"Basi umeona."

Sasa niko Kibaoni, chumba kimoja, dirisha linatazama choo cha wapangaji. Maji ya kununua, mboga ya kununua, hata kuni za kununua, mimi niliyezaliwa katikati ya mto na miti. Mpunga wa kwenye majaruba yangu msimu huu ni wa mtu mwingine. Wakati mwingine naamka alfajiri natafuta jembe kwa mkono. Wapangaji wenzangu huniuliza bombani, "Bibi, umekuja kutibiwa?"

"Nimekuja shule," nawaambia.

Wanacheka, wanadhani natania. Mjukuu anarudi saa kumi, anakuta chakula, anakula, anafungua daftari zake juu ya kitanda kwa sababu meza hatuna. Mimi nakaa mlangoni na kigoda changu. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alikuja akazima pikipiki, kanyoa kiduku, kanukia.

"Bibi, shikamoo. Dada yupo?"

"Marahaba. Dada gani?"

"Yule wa sekondari. Nimemletea... nilikuwa napita tu."

"Basi pita."

Akabaki anachezea funguo, akangoja nitoke kwenye kigoda. Nikanyoosha miguu yangu nikauziba mlango wote.

"Mwanangu, mimi nimeacha mpunga kuja kukaa hapa. Una muda kiasi gani wewe?"

Akawasha pikipiki. Ndani nilisikia daftari likigeuzwa ukurasa.