Kuku Ndani ya Mbabula

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa beseni la maharage na kopo la bati, nikaambiwa nipime. Ofisi yetu ya utafiti wa ustawi wa jamii ilikuwa nyumba ya kupanga huko Mutanga Nord, na mimi, msichana niliyetoka shuleni na viatu vipya vinavyobana, nilidhani wamenifananisha na mpishi. Nikapima. Makopo saba. Mkuu wa Utafiti akasema rudia. Saba tena. Nilirudia mara kumi, na kila mara yakawa saba, mpaka nikaanza kujiona fundi.

Mkuu huyo alikuwa Mrundi mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaligeuza kopo. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, kama wafanyavyo wauzaji fulani wa sokoni ambao sitawataja kwa kuwa bado nanunua kwao.

"Umepima bien, vizuri kabisa, ma fille," akasema. "Mara kumi, jibu moja. Hiyo inaitwa uthabiti. Lakini mara zote kumi umedanganywa. Kopo yenye haipime kile unasema inapima, haina uhalali. Weka mu kichwa."

Nikaweka. Kisha nikatumwa Zone Industrielle, eneo la viwanda, kuwahoji wafanyakazi wa bohari kuhusu hali zao. Msimamizi wa bohari alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni, na wafanyakazi wote wakajibu kwamba wanaipenda kazi kupita kiasi. Nilirudi ofisini na furaha tele. Mkuu akasoma karatasi zangu, akauliza yule msimamizi alikuwa amesimama wapi, akazichana zote. Kesho yake tuliwahoji watu wale wale njiani wakienda nyumbani, kila mtu peke yake, na nikasikia mambo.

Baadaye nilipelekwa Kiriri kwenye majumba ya wakubwa, kuzungumza na wasichana wa kazi za ndani. Huko ndiko nilikojifunza ridhaa: mtu akubali mwenyewe kujibu, akijua unatafuta nini, na ajue anaweza kukataa bila kununiwa. Madamu mmoja alinisukumia msichana wake sebuleni akisema, "Huyu amekubali." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ridhaa haiazimwi, nikaomba tuongelee uani, kwenye bomba la kufulia. Nilipomweleza yule msichana kila kitu, akafikiri, akasema, "Apana, dada. Mi sitaki." Nikafurahi kweli. Ndiye mtu wa kwanza aliyenikatalia, na hapo nikajua kwamba wale waliokubali walikubali kwa moyo.

Lakini kazi iliyonifundisha yote ilikuwa ankete ya njaa, yaani uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Shirika moja lilikuwa na unga wa uji wa watoto, na lilitaka kuugawa katika mtaa ambao Warundi na ndugu zetu waliokimbia kutoka Kongo waliishi ukuta kwa ukuta. Unga haukutosha wote, kwa hiyo sisi tulipaswa kuonyesha kaya zenye njaa zaidi. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Dodoso letu, ile karatasi ya maswali, lilikuwa na swali kubwa moja: Jana mlikula mara ngapi?

Wenzangu Warundi wanaosoma haya najua wameshaanza kutikisa vichwa. Kwetu kula ni siri ya nyumba. Mtoto hufundishwa kupangusa mdomo kabla ya kutoka nje, na kumuuliza mtu mzima habari za chakula chake ni kumvua nguo. Mimi nimezaliwa humo na nimelelewa humo. Lakini karatasi ilikuwa na mhuri, nami nikaiamini karatasi nikamsahau mama aliyenilea.

Nyumba moja ilikuwa ya mjane nitakayemwita Consolata, na watoto wake wanne. Nilimwahidi kama tulivyowaahidi wote: jina lake halitaandikwa, ila namba tu, na tutakayoyaona kwake hayatatoka kwake. Nikauliza swali.

"Jana?" akasema, akinyoosha kitenge chake. "Tulikula mara tatu, mama. Hata tulibakisha."

Pembeni yake ilikuwepo mbabula, jiko letu la makaa. Ndani ya mbabula alikaa kuku wa jirani. Alikuwa ametandika majani yake vizuri, anaatamia mayai, na alinitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni asiyebisha hodi. Watoto walikuwa wamelala mkekani saa sita mchana, kimya. Nikaandika: mara tatu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Zawadi, mchuuzi kutoka Uvira, kule Kongo, mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya mto. "Tangu juzi mi na batoto hatujakula!" akasema. "Andika muzuri, dada." Nyuma yake ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wakichachatika kwenye mafuta. Nikaandika: sifuri. Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono. "Unaenda wapi bila kula? Ndagala imeiva. Ikala!"

Nilikaa, nikala, na walikuwa watamu. Sikumlaumu. Alikotoka, kila mwenye karatasi aliyeuliza habari za njaa alifuatwa na lori la chakula, na mama mwenye watoto hawezi kulipuuza lori.

Majibu yalipojumlishwa, ilionekana Warundi wote wa mtaa ule wameshiba na Wakongomani wote wana njaa. Mkuu wa Utafiti alifurahi. "Très clair, wazi kabisa," akasema. Mkurugenzi wetu alikuwa atie saini orodha ya mgao Ijumaa. Mimi usingizi ukaniruka. Nikibadilisha jibu la Consolata, nitakuwa nimeghushi. Nikisema nilichokiona, nitakuwa nimevunja siri niliyomwahidi. Nikinyamaza, watoto wanne watakosa uji. Watu husema kuuliza si ujinga. Nimeishi kwa kuuliza, na nawaambia kuna kuuliza kwa kijinga, nami nilikuwa nimeuliza hivyo.

Alhamisi asubuhi nikaingia kwa Mkuu mbele ya wenzangu wote.

"Mkuu, swali letu la chakula halipimi njaa. Linapima aibu kwa wengine na matumaini kwa wengine. Naomba turudie."

"Nyumba gani imekuambia hivyo?"

"Siwezi kusema, Mkuu. Niliahidi siri."

Akavua miwani. "Weye, Generoza! Unataka nitupe kazi ya wiki tatu juu ya nyumba yenye haina jina? Ukiniaibisha kwa Mkurugenzi, contrat yako inaishia hapa."

Mkataba ule ndio uliokuwa ukinilisha mimi na mama yangu. Lakini macho yangu yalikuwa yameangukia ndoo ya takataka chini ya meza yake, imejaa maganda ya ndizi. Mkewe alikuwa ameenda Gitega wiki nzima, na ofisi yote ilijua.

"Mkuu," nikasema, "jana kwenu mlikula mara ngapi?"

Karani akaacha kupiga chapa. Mkuu akainuka, akawa mrefu kuliko kawaida.

"Hiyo inakuangalia nini, weye?"

"Mara ngapi, Mkuu?"

"Mara tatu!" akafoka.

Kisha akaona macho yetu yanaangalia wapi, akainama, akaitazama ndoo yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani hasira, kumbe kicheko. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa tai, akakaa. "Kopo imebonyea," akasema. "Mungu wangu, hata mimi imenibonyea." Akachukua simu kumpigia Mkurugenzi aombe siku kumi zaidi.

Tukatafuta swali lisilomvua mtu nguo. Tuligundua kwamba makaa si siri ya mtu. Mjini hapa Mrundi na Mkongomani, tajiri na fukara, wote hulalamikia makaa hata na mtu wasiyemjua. Basi tukauliza: Tangu Jumapili, mbabula imewaka siku ngapi? Hicho huitwa kiashiria, yaani kitu kinachosemeka kinachokuonyesha kile kisichosemeka. Tulikijaribu kwanza katika mtaa mwingine, tukawauliza watu wale wale mara mbili kuona kama jibu litasimama. Likasimama.

Niliomba nirudi mwenyewe katika nyumba zangu zote, ili nimfikie Consolata bila kumtaja. Mkuu akakataa. "Weye tayari unajua jibu unataka. Watakuona mu macho." Alikuwa sahihi. Alimtuma mwenzangu asiyejua lolote, nami nikabaki ofisini nikikunja na kukunjua leso. Hofu yangu ilikuwa moja: yule mama ataficha tena, na safari hii sitakuwa na njia nyingine.

Karatasi ya nyumba yake, namba kumi na saba, ilirudi jioni. Siku za moto: sifuri. Chini yake mwenzangu alikuwa ameandika kwa mkono: "Mwenye nyumba anasema kuku wa jirani amepanga humo, ana adabu, hataki kumfukuza kabla ya vifaranga."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikalia. Alikuwa amesema ukweli wote bila kupoteza hata chembe ya heshima yake. Tulichokosa sisi ni kumpa mlango wa kuupitishia. Na Mama Zawadi? Mbabula yake iliwaka siku zote, akasema mwenyewe, akalalamikia makaa mpaka nafasi ya maelezo ikajaa. Orodha mpya ilikuwa na Warundi na Wakongomani wamechanganyika, kama mtaa wenyewe, na unga ukagawiwa kwa kufuata orodha hiyo.

Mkataba wangu ulirefushwa. Nilipanda nikawa Msimamizi wa Nyanjani, na mwisho nikakalia kiti cha Mkuu wa Utafiti mimi mwenyewe. Siku hizi ninyi vijana wa kazi hii mnauliza kwa tableti na majibu yanaruka hewani, nami nawaonea wivu. Ila tableti nayo huuliza kile tu ulichoiambia iulize.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkuu wangu wa zamani alikuja na fimbo yake, akanivuta kando. "Generoza, sasa sisi wote ni wazee. Ile nyumba ilikuwa ya nani?"

"Mkuu," nikamjibu, "muulize kuku."

Alicheka akanishika mikono yote miwili, na hakuuliza tena. Nilijiona tajiri siku ile.

Na ninyi mnaoanza kazi hii, msihangaike kumtafuta Consolata. Hilo si jina lake. Watoto hawakuwa wanne, namba ya nyumba nimeitunga, na hata kuku, huenda alikuwa bata. Lakini uji waliunywa. Hilo sikulibadilisha.