Bhutan ina bahari? Afisa wa digrii mbili alivyofungiwa kuongea kijiweni Makole

Wakuu, habari za mihangaiko. Ninayoandika nilikuwepo, na anayebisha aje Makole aulizie benchi la Mama Asha, muuza kahawa.

Shule niliiacha darasa la sita. Nimepakia alizeti Chemba, nimechimba mitaro, nimetembeza miwani. Shule yangu sasa ni lile benchi.

Lina sheria moja tu: ukithibitika umetulisha uongo, unafungiwa kuongea. Kahawa unakunywa, mdomo unafunga. (Kwangu hiyo ni sawa na kukosa shule mara ya pili.)

Juzi nikawaambia kuna kaufalme kanaitwa Bhutan, kamebanwa na India na China huko Himalaya. Mji mkuu Thimphu, hauna taa za kuongozea magari, trafiki anapunga mikono kibandani. Pilipili kwao ni mboga, inapikwa na jibini. Serikali inapima hadi furaha ya wananchi.

Afisa mmoja, digrii mbili, tai mpaka Jumamosi, akacheka.

"Dogo, Bhutan ni kisiwa. Watu wanaenda honeymoon. Beach tupu!"

Benchi zima likahamia kwake. Tai ina nguvu, wakuu.

Nikatoa simu. Akaisukuma.

"Mtandaoni kila mtu anaandika. Tumuulize Bhai, huko ni kwao."

Bhai ana asili ya Kihindi, ana duka la hardware ng'ambo ya barabara. Tukavuka kundi zima.

"Kwetu wapi?" Bhai akashangaa. "Babu yangu kazaliwa Kondoa. India yenyewe sijafika. Mnanunua misumari au hamnunui?"

Nikajua nimekwisha. Shahidi akikosekana, muongo ni yule asiye na cheti.

Bahati nzuri, ukutani kwa Bhai kulikuwa na ramani ya dunia. Afisa akaifuata mwenyewe, kwa madaha. Bhutan akaipata. Kidole kikatafuta maji juu, chini, pembeni.

China. India. India tena.

"Hii ramani ya zamani," akasema.

"Kwa hiyo bahari wameichimba juzi?" Bhai akamuuliza.

Tukarudi kwa Mama Asha, akatoa hukumu: mwezi mzima kimya.

"Mama, mimi ni msomi!"

"Ndiyo maana mwezi. Huyu wa darasa la sita tungempa wiki."

Nilichojifunza: cheti kinathibitisha ulikaa darasani. Hakisemi ulikuwa unaangalia wapi.

Sasa wakuu, aliyewahi kufika Bhutan aniambie: ile pilipili wanaikata au wanaipika nzima? Kesho nataka kuianzisha hiyo mada kijiweni, na mimi sina hata hiyo wiki ya kukaa kimya.