Jina Juu na Chini

Mchapaji wa steshenari pale Newala hakati maneno anapoyahamisha. Huyakopi kwanza, akayapesti yanakokwenda, ndipo afute ya zamani. “Umeme ukizimika, lililokatwa halina kwao,” huwaambia wateja, vidole vyake vyenye madoa ya utomvu wa korosho vikikimbia.

Leo Mama Ladislaus kaleta orodha ya ukoo: jina la Ladislaus litoke kwa walio hai, liende kwa marehemu. Mchapaji alilikopi, akalipesti chini. Likawa kote kuwili.

“Ngoja kwanza, mwanangu,” mama alisema. “Nilitazame.”

Mchapaji akaondoa mikono kwenye kibodi. Foleni nayo ikangoja.

“Haya. Futa.”

Yeye aliyezoea kufuta mstari mzima kwa mkupuo, safari hii alifuta herufi moja moja.