Kamba Tatu za Mashua

Tarehe kumi na mbili Machi, Jumanne, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi wa vyuma Kariobangi. Kifua kilimbana Jumapili baada ya kanisa, akalazwa Jumatatu, na Jumanne nilipofika na uji niliambiwa nisubiri kwenye benchi. Nilijua kabla daktari hajatoka. Sikulia. Niliumwaga ule uji kwenye sinki, nikaiosha chupa, nikaifunga kifuniko.

Tulimzika kwao, magharibi. Watu walilia sana, na mimi niliangalia watoto wamekula au hawajala. Baada ya wiki tatu nilirudi Nairobi, nikafungua karakana. Upande mmoja ni wangu, nashona turubai za malori. Upande wa pili ulikuwa wake. Juu ya meza yake kulikuwa na bunda jipya la kamba nyeupe na kipande cha katoni alichoandika kwa penseli ya fundi: Kubwa 9. Dogo 7. Kupunguza 5.

Kazi hiyo ilikuwa ya mashua. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa reli, mtu wa kando ya ziwa, anaishi Lucky Summer. Aliinunua mashua ikiwa kuukuu, ikaletwa kwa trela, ikaegeshwa uani kwake kati ya tangi la maji na mahali wanapoanika nguo. Alitaka kuirudisha ziwani kwao. Lakini nyonga yake ilikuwa imefanyiwa upasuaji, na mashua hiyo ilitengenezwa kwa watu wenye miguu mizima. Ili kupandisha tanga ilibidi utoke kwenye kiti cha nyuma, unaposhikia usukani, utambae mpaka mbele, usimame kwenye mlingoti uvute kamba. Mwaka uliopita alijaribu hivyo kwenye mashua ya rafiki yake akaanguka majini, akavutwa kwa shati.

Mume wangu alimwambia, "Mzee, hutaenda mbele tena. Kamba zitakuja hapo ulipokaa."

Nilikuwepo aliposema hivyo. Alitengeneza puli na vibano vya chuma kisichoshika kutu. Kila kamba ingeshuka kwenye mlingoti, ipite kwenye puli pale chini, igeuke, ipite juu ya paa la kichumba kidogo cha mashua, iishie kwenye kibano karibu na goti la mzee. Kamba zenyewe ni tatu: ya kupandisha tanga kubwa, ya kupandisha tanga dogo la mbele, na ya kupunguza tanga upepo ukizidi. Puli na vibano alishavifunga vyote. Zilibaki kamba tu.

Mzee alinipigia simu kunipa pole. Akasema hatanilaumu nikiiacha kazi, atatafuta fundi mwingine. Nikamwambia hapana, nitakuja Jumamosi. Wakati huo hakuna kitu kingine nilichokitaka. Chakula sikukitaka, wageni sikuwataka. Nilitaka tu lile neno mume wangu alilomwambia mzee liwe kweli.

Kamba tunapima kwa pima. Unanyoosha mikono miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo ni moja. Mume wangu alipima hivyo, na mimi napima turubai hivyo. Ijumaa nilisimama mlangoni pa karakana nikaanza kuhesabu. Jirani yetu anayetengeneza majiko aliacha kugonga nyundo.

"Mama, unapima kamba ama unakumbatia upepo?"

"Napima."

"Haya. Pole lakini." Akaendelea kugonga.

Nilikata tisa, nikakata saba, nikakata tano.

Jumamosi nilifika Lucky Summer asubuhi. Mzee alikuwa ameweka kiti cha plastiki kivulini. Vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa jirani, kama kila siku.

"Niaje Nuhu! Mvua ni lini?" mmoja akaita.

"Wewe hutapanda," mzee akamjibu bila kugeuka. "Wanapanda wawili wawili, na wewe bado huna wa pili."

Wenzake wakamcheka mpaka akashuka ukutani. Mzee akaingia ndani kunywa chai.

Nilipitisha kamba ya tanga kubwa kwanza. Ilipanda mlingoti, ikashuka, ikapita kwenye puli, ikageuka vizuri kabisa, halafu ikaishia katikati ya paa la kile kichumba. Haikufika kwenye kibano. Nikapitisha ya pili, ikawa vilevile. Na ya tatu. Nikakaa juu ya sitaha nikiitazama mikono yangu. Mume wangu alikuwa mrefu. Mimi namfikia begani, namaanisha nilikuwa namfikia. Tisa yake haikuwa tisa yangu.

Jambo nililofanya baada ya hapo naliandika kwa sababu nililifanya. Kulikuwa na vipande vya kamba ya zamani, nikavichukua nikaunga kila kamba kwa fundo. Mume wangu aliwahi kuniambia kuwa kamba inayokimbia kwenye puli haiungwi. Nilikumbuka maneno hayo vidole vikiwa vinakaza mafundo. Niliunga zote tatu, na mzee alipotoka nikamwambia tayari.

Akapanda ngazi polepole, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akashika kamba ya tanga kubwa, akavuta. Tanga likainuka mpaka kiunoni mwa mtu, likasimama. Akavuta tena.

"Nini kimekwama?"

"Ni fundo."

"Fundo la nani?"

"Langu. Nilizikata fupi, nikaunga."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Sasa nikiwa majini, upepo umekuja, fundo limekwama hapo kwenye kibano, ulitaka nifanye nini?"

"Ungetoka uende mbele."

"Na hii nyonga."

"Ndiyo."

Akaiachia kamba. "Kwenye katoni aliandika vibaya?"

"Aliandika vizuri. Nilipima kwa mikono yangu."

"Yake ilikuwa mirefu kiasi gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Miaka kumi na tisa, nimefua mashati yake, nimeshona viraka kwenye viwiko vya ovaroli yake. Nikanyoosha mkono nionyeshe, nisijue nikomee wapi.

"Sijui," nikasema.

Mzee akageuza uso upande wa tangi la maji. Halafu akauliza kama bunda limeisha. Nikamwambia limebaki kiasi, lakini sijui litatosha.

"Basi usipime. Na usikate. Pitisha tu, tuone itafika wapi."

Nilifungua mafundo. Nikatoa sindano ya turubai, nikashona ncha ya kamba ya bunda kwenye mkia wa ile fupi ya tanga kubwa, mshono wa muda, wa kuivuta tu, nikaenda mbele nikavuta kutoka upande wa tanga. Bunda lilikuwa mapajani mwa mzee, yeye anaachia, mimi navuta. Kamba ikaingia kwenye kibano, ikapita juu ya paa, ikapanda mlingoti, ikashuka mikononi mwangu. Nikaifunga kwenye tanga. "Imebaki ngapi?" nikauliza.

"Imebaki. Kidogo, lakini imebaki."

Ile fupi niliyoitoa nikaipeleka kwenye tanga dogo, ikafika kwenye kibano chake. Iliyokuwa ya tanga dogo nikaifanya ya kupunguza, nayo ikafika. Kile kipande kifupi kuliko vyote sikukihitaji tena.

Mzee akavuta. Tanga kubwa likapanda mpaka juu kabisa ya mlingoti, juu ya mapaa ya mabati, na watu wakatoka kwenye roshani za ghorofa kuangalia. Akalishusha. Akapandisha dogo, akashusha. Akajaribu ya kupunguza. Akarudia zote, na muda wote huo hakuinuka kwenye kiti. Nilidhani nitahisi kitu. Nilihisi jua shingoni, na kiu.

"Sasa kata," mzee akasema.

Nilikata kamba ya tanga kubwa karibu na goti lake. Nikawasha kiberiti, nikachoma ncha isifumuke, nikaibana kwa vidole ikiwa bado moto.